Vikaratasi Nilivyovitupa

Mimi ni katibu wa idara ya uinjilisti kanisani kwetu. Kazi hii nimeifanya miaka 9, na kwa muda mrefu nilijiona naifanya vizuri sana. Daftari langu ni safi. Mistari imepigwa kwa rula, tarehe kwa wino mwekundu, hesabu kwa wino wa bluu, na mwisho wa kila robo mwaka jumla imepigiwa mistari miwili chini. Safu zilikuwa tano: tarehe, mahali, walioshuhudiwa (yaani waliohubiriwa), waliokata shauri (waliokubali kumfuata Yesu), trakti (vipeperushi vya injili) zilizogawiwa. Wakubwa wakitaka taarifa siombi muda. Nafungua, nasoma, nafunga.

Jumapili moja ibada ya pili ilikuwa imekwisha na mimi nahesabu vitabu vya nyimbo, nikamwona mtu amesimama mlangoni. Haingii, haondoki. Mwanamume wa makamo, shati la mistari limepigwa pasi, mkononi kashika trakti yetu iliyokunjwa mara nne mpaka maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Nikamkaribisha ndani. Akasema, "Samahani dada, namtafuta aliyeniombea."

Ni nani? Jina hakulijua. Miezi mitatu nyuma timu yetu ilikuwa kituo cha mabasi. Kijana mmoja alimshika bega, wakaomba pamoja, kisha kijana akaandika jina lake na namba ya simu kwenye kikaratasi, akamwambia, "Tutakutafuta."

Nikaenda kabatini nikiwa najiamini kabisa, kwa sababu daftari langu halijawahi kuniangusha. Tarehe ipo. Kituo cha mabasi kipo. Walioshuhudiwa 61, waliokata shauri 7, trakti 150. Basi. Huyu bwana alikuwa mmoja katika hao 7, na zaidi ya hapo daftari halikuwa na la kusema juu yake.

Na vikaratasi? Hapo ndipo jasho liliponitoka. Vikaratasi nilivitupa mimi mwenyewe. Kila baada ya huduma vijana huniletea, navihesabu, naandika jumla, navitia kwenye pipa la taka, maana jumla ikishaandikwa karatasi zinabaki kuwa uchafu mezani. Hakuna aliyeniagiza nivitupe. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza viko wapi.

Nikaanza kuomba radhi kwamba hatukumpigia. Akanikatiza kwa upole.

"Sikuja kulalamika, dada. Siku ile nilimwambia yule kijana kwamba mama yangu anaumwa. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Sasa mama amefariki, nikaona si vizuri aendelee kumwombea bila kujua."

Nilimpa pole, nikampa kiti, kisha nikachukua kalamu niandike jina lake. Safu ya majina haikuwapo. Nikalaza daftari upande nikaliandika kwenye ukingo wa ukurasa, herufi zimebanana, naye akiangalia tu.

Kumpata kijana kulichukua siku kumi na moja. Siku ile kituoni walikwenda wanane, na niliwauliza mmoja mmoja kuanzia wale wasemaji, kwa sababu nilidhani mtu wa kugusa moyo wa mtu namna hiyo lazima awe msemaji. Alikuwa wa mwisho niliyemuuliza: kijana anayebeba nyaya za spika, asiyefungua kinywa kwenye vikao. Sikumaliza kueleza. "Yule wa shati la mistari? Mama yake anaendeleaje?"

Alikuwa amemwombea yule mama kila usiku kwa miezi mitatu. Nikamuuliza mbona hakupiga simu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila lawama hata chembe: "Kikaratasi si nilikupa wewe?"

Jumapili iliyofuata walikutana kwenye benchi la nyuma. Mimi nilikuwa nakusanya mikeka ya watoto wa shule ya Jumapili, nikalisikia swali la kwanza tu: "Mama alikuwa anaitwa nani?" Nikaondoka na mikeka yangu.

*

Tangu hapo nimekuwa nikimrudia sana yule mgonjwa wa Yohana 5. Habari yake wengi tunaijua: Yerusalemu, penye mlango wa kondoo, birika la Bethzatha lenye matao matano, na ndani ya matao wamelala wagonjwa wengi wakingoja maji yatibuliwe. Yeye ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza, "Wataka kuwa mzima?" na mtu yule hasemi ndiyo wala hapana. Anasema, "Bwana, mimi sina mtu."

Nilihubiriwa juu ya imani kwenye habari hiyo, nikahubiriwa juu ya uvivu, hata juu ya kulalamika. Sikumbuki kuhubiriwa juu ya maneno hayo mawili, sina mtu, yaliyosemwa na mtu aliyezungukwa na watu pande zote. Ukumbi wa matao matano umejaa. Laiti ningekuwa katibu wa Bethzatha ningeandika idadi nzuri kabisa.

Na kuna jambo jingine mle ndani lililonipita miaka yote. Mtu yule alipopona hakumjua aliyemponya, maana Yesu alikuwa amejitenga na watu walikuwa wengi mahali pale. Kisha mstari wa 14 unasema Yesu akamkuta hekaluni, akasema naye tena. Sisi tuna neno letu la kikao kwa jambo hilo, ufuatiliaji, na huwa ndiyo ajenda ya mwisho, ile inayofikiwa watu wameshaanza kutafuta viatu. Isitoshe, mtu mwenyewe hakuwa wa kupigiwa mfano. Alitoka hapo akaenda kuwaambia wakubwa wa Wayahudi ni nani aliyemponya, na shida zikaanza. Sijawahi kusikia mtu akimpandisha jukwaani kutoa ushuhuda. Hata hivyo alitafutwa mara ya pili.

Nisieleweke kwamba nachukia kuhesabu. Nimejiuliza sana hili, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu na siku zile nilikuwa karibu kulichoma daftari. Kilichonituliza ni Luka 15. Mchungaji ana kondoo 100, akipotewa na mmoja anawaacha wale tisini na kenda, kama Biblia ya Union inavyowaita, anakwenda kumtafuta. Sasa, alijuaje kwamba mmoja hayupo? Kwenye kundi la 100 macho hayakuambii. 99 na 100 ukiwatazama ni kundi lile lile, vumbi lile lile, kelele zile zile. Lazima alihesabu. Ila alihesabu ili ajue nani amepungua, akaliacha daftari akaenda porini. Mimi nilihesabu ili nijue tumekuwa wangapi, nikapiga mistari miwili chini.

Na tusijidanganye kuhusu wale 99. Mfano unasema aliwaacha nyikani, hausemi zizini. Mwenye mali angemwona mchungaji huyo ni wa kufukuzwa kazi.

*

Nilipeleka jambo kwenye kamati. Niliomba mambo matatu: vikaratasi visitupwe, daftari liwe na safu ya jina, na mtu mmoja asichukue zaidi ya watu wanne wa kuwafuatilia. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu, akaniuliza, "Mwanangu, ukienda kwa mmoja mmoja hivyo, mtaa mmoja utaumaliza lini?"

Hilo si swali la mtu mbaya. Yeye mwenyewe aliokoka kwenye mkutano mkubwa wa injili, mmoja kati ya mamia waliokwenda mbele usiku ule, na hataki kusikia mtu akiidharau mikutano. Nami sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Mzee, mtaa hatujaumaliza hata kwa njia ya sasa." Wakacheka. Mchungaji akatupa robo mwaka moja ya kujaribu, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto kalamu ili anyamaze.

Wiki kadhaa baadaye mzee yule alinifuata nje. Akasema alikuwa akifikiri juu ya mkutano wake ule. Siku ya tatu baada ya kuokoka, mama mmoja wa kanisa alifika kwake kumuuliza kama ana Biblia, kisha akawa anapita kila wiki mpaka alipoizoea njia ya kanisani. "Jina la mhubiri nalikumbuka kwa sababu lilikuwa kwenye bango," akasema. "La yule mama nalikumbuka tu." Hakuongeza neno, akaenda zake. Kwenye kikao kilichofuata alinipinga vilevile.

Robo ya nyuma tulikuwa tumeandika walioshuhudiwa 214, waliokata shauri 31. Robo ya majaribio: 38 na 3. Nilipeleka taarifa. Nikapigiwa simu.

"Dada, hapa kuna kosa. Umeandika 38."

"Ndiyo, 38."

Kimya. Kisha: "Mchungaji ni mgonjwa?"

Nawaambieni ukweli, majina ni mazito. Wale 214 hakuna hata mmoja aliyewahi kutuamsha usiku. Kati ya wale 38, mmoja alipiga simu saa nane za usiku kusema mumewe hajarudi. Mwingine alihama, akataka apelekewe mtu huko alikohamia. Mwingine alituchoka, akatuambia tusimjie tena, nasi tukaandika "hataki" tukaacha kwenda, jambo ambalo kwa wenzangu wengine lilikuwa gumu kuliko kufunga siku tatu. Watenda kazi wawili waliacha huduma wakasema hawakuitwa kwa jambo hili. Siwalaumu. Kugawa trakti ukawa umerudi nyumbani saa sita mchana ni huduma yenye raha yake, na kikomo chake unakiona.

*

Kuna nyumba moja ambayo daftari langu lilikuwa limeiandika mara nne katika miaka miwili: "Hakuna mwitikio." Mara zote nne timu ilipita na kipaza sauti, ikasimama, ikaimba, ikatangaza, ikamwona mama mmoja mlangoni anawatazama tu kisha anarudi ndani. Kuna aliyependekeza tuombe juu ya ugumu wa moyo katika nyumba ile. Tukaomba.

Mara ya tano walikwenda wasichana wawili bila spika, kwa sababu tu betri ilikuwa imekwisha. Mmoja wao akagundua kwamba yule mama hamtazami usoni, anamtazama midomo. Alikuwa kiziwi. Tulikuwa tumemhubiria kwa kipaza sauti miaka miwili.

Binti akatoa kalamu na karatasi akaandika salamu. Mama akaichukua kalamu, akafikiri, akaandika: "Nyinyi huwa mnauza nini?"

Tumeucheka mkasa huo mpaka leo, na yeye hucheka kuliko sisi, lakini siku ile binti alirudi analia. Akaamua kujifunza lugha ya alama. Nilidhani ni jambo la wiki mbili, kupunga mikono kufuatana na maneno. Sivyo. Ni lugha kamili yenye sarufi yake, uso nao unasema, na ukikosea mkao wa vidole umesema jambo jingine. Mwalimu wake akawa mama yule yule. Wakati fulani binti alitaka kusema "Mungu anakupenda", akatoa kitu kilichomfanya mama akae chini kwa kucheka. Mpaka leo hataki kutuambia alisema nini.

Filipo katika Matendo 8 alikuwa Samaria, makutano wakimsikiliza kwa nia moja, kazi imeshika kasi, ndipo alipoambiwa aende kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, ile ya jangwani. Huko kulikuwa na mtu mmoja garini, towashi kutoka Kushi, anasoma Isaya kwa sauti. Filipo alipomkaribia hakuanza na somo alilozoea kule Samaria. Alisikiliza kwanza mtu anasoma nini, akamuuliza kama yanamwelea, akangoja aalikwe kupanda, akaanzia kwenye andiko lile lile lililokuwa mikononi mwa mwenyewe. Sisi kwa mama yule tulianzia kwenye betri.

*

Nina ugomvi na hadithi moja tunayoipenda sana kwenye semina za uinjilisti. Huko Boston, Marekani, tarehe 21 Aprili 1855, mwalimu wa shule ya Jumapili aitwaye Edward Kimball alikwenda kwenye duka la viatu kuzungumza na kijana wa darasa lake, mwenye miaka 18, aliyekuwa akifanya kazi humo. Alisitasita, akalipita duka, kisha akageuka akaingia haraka kabla woga haujamshinda. Kijana alikuwa nyuma ya duka akifunga viatu. Kimball alisema naye maneno machache, ambayo baadaye yeye mwenyewe aliyaona dhaifu, na kijana akampokea Kristo pale pale. Kijana huyo ni Dwight L. Moody, ambaye baadaye alihubiri Marekani na Uingereza kwa umati wa maelfu.

Hadithi ni ya kweli na ni nzuri. Ugomvi wangu uko kwenye namna tunavyoimalizia. Msemaji hufika hapo akanyanyua mkono: "Huwezi kujua! Huyo mmoja unayemdharau huenda ndiye Moody wako!" Ukumbi unaitikia amina. Nami zamani niliitikia kwa nguvu.

Sasa nauliza: Kimball alikuwa na darasa zima. Wale wengine je? Tuseme Moody angeuza viatu maisha yake yote, akazeeka, akafa 1899 vilevile kama alivyokufa, bila kuhubiri hata siku moja. Kimball angekuwa amepoteza mchana wake? Maneno yale ya semina, ukiyabana, yanasema mtu mmoja ana thamani kwa sababu anaweza kuzaa maelfu. Hapo tumerudi kule kule kwenye jumla, tumeipitisha tu mlango wa nyuma. Yule bwana wa shati la mistari hakuwa Moody. Ni mtu aliyefiwa na mama yake. Kama hatahubiri milele, bado vikaratasi havikuwa takataka.

Paulo alikuwa na makanisa ya kuandikia, na bado kuna waraka wake wa aya 25 tu unaomhusu mtu mmoja, Onesimo, mtumwa, unaomwombea kwa bwana wake apokewe kama ndugu. Na Warumi 16, ile sura tunayoiruka kwa sababu ni majina matupu, inasalimu watu zaidi ya 20: Priska na Akila, Rufo na mama yake ambaye Paulo anasema ni mama yake pia. Katikati ya salamu hizo anachomoza mtu ambaye hakutarajiwa: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu." Katibu! Sura kumi na sita anaandika maneno ya mwenzake, kisha anapata mstari mmoja wake. Mstari huo nimeubandika ndani ya jalada la daftari. Wenzangu wanadhani ni utani.

*

Tulipoanza kuyajua majina tulijifunza pia kwamba jina linaweza kuumiza. Hili naliandika kwa aibu.

Dada mmoja alikuwa amemwambia mtenda kazi wetu mambo ya ndani ya ndoa yake. Ijumaa, kwenye maombi, mtenda kazi akasimama akasema tumwombee "dada mmoja wa nyumba ya kona, ambaye mume wake…" na akaendelea. Alikuwa na machozi, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imemfikia mume. Yule dada hakurudi tena, wala simu zetu hakupokea, na ninaamini alifanya sawasawa. Umbea unaweza kufumba macho ukainamisha kichwa, bado ni umbea. Siku hizi, kabla jina la mtu halijaandikwa, anaulizwa kama anaridhia. Anachokisema hakifiki kwenye maombi ya wengi asiporuhusu mwenyewe. Daftari linafungiwa, na ufunguo ninao mimi na mchungaji. Wengine hukataa kuandikwa, nao hubaki bila kuandikwa na tunawatembelea vilevile.

Picha pia tumeacha. Ile ya mtu anapokea msaada huku sisi wanane tumempanga katikati tukitabasamu, mimi mwenyewe nimo kwenye kadhaa. Ziangalie siku moja picha hizo: wote tunaitazama kamera, na mpokeaji anaangalia chini.

Kwa wagonjwa hospitalini tumepunguza maneno. Muulize muuguzi, muulize mgonjwa, kaa chini usimsimamie kichwani, dakika kumi zinatosha, dawa zake hazikuhusu.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kusikiliza. Watu wa idara yangu ni wasemaji, ndiyo maana wako idara hii. Unampa mtu dakika tano za kusikiliza, ya pili ameshafungua Warumi. Niliwasimulia habari ya Chad Varah, kasisi wa Anglikana wa Uingereza. Mwaka 1935, akiwa kasisi kijana kule Lincoln, alimzika binti aliyejiua baada ya kuanza kupata hedhi, kwa kuwa alidhani ni ugonjwa wa aibu na hakuwa na wa kumuuliza. Varah hakulisahau kaburi lile. Mwaka 1953, akiwa London, alifungua huduma ya simu kwenye kanisa lake ili mtu anayefikiria kujiua apate wa kuongea naye. Watu wakawa wengi, wakipiga simu na wengine wakifika wenyewe. Akapata wasaidizi wa kujitolea, kazi yao kuwapa waliokuwa wakingoja chai na kukaa nao mpaka zamu ya kumwona kasisi ifike. Baada ya muda akaona jambo la ajabu: wengi wakishamaliza kuongea na yule wa chai hawakumhitaji tena kasisi. Mwaka 1954 aliwaachia wasaidizi hao kazi ya kusikiliza. Ndiyo huduma inayoitwa Samaritans mpaka leo.

Nilipomaliza kusimulia, mwenzetu mmoja aliuliza, "Kwa hiyo injili ilihubiriwa saa ngapi?" Swali lake halijaniondoka. Nami naamini lazima injili isemwe, kwa kinywa, kwa jina la Yesu, na huduma ile siku hizi si ya kidini. Ila nimekaa na watu wa kutosha kujua kwamba mtu ambaye hajasikilizwa anakusikia kama anavyosikia redio ya jirani. Hapo ndipo nilipofika, sijafika mbali zaidi ya hapo.

*

Niwaachie ya mzee wa drafti.

Ni mwalimu mstaafu, mjane, mwenye maneno makali na kumbukumbu kali zaidi. Vijana wetu walipogonga kwake mara ya kwanza aliwaambia, "Kaeni. Lakini msiniombee, na msiniache na karatasi." Mmoja wao, yule yule wa nyaya za spika, akaona ubao wa drafti mezani akauliza kama mzee anacheza. Hiyo ni karibu miaka miwili sasa. Kila Alhamisi saa kumi jioni kijana yuko pale. Wameongea juu ya kila kitu: vita, hesabu za shule, mke wa mzee, kama Mungu yupo, kwa nini watoto wanakufa. Mzee husikiliza, hujibu, hupinga. Hajaokoka wala haonyeshi dalili. Kwenye daftari jina lake lipo kwa ridhaa yake, na safu iliyo mbele ya jina ni nyeupe robo baada ya robo.

Mwezi uliopita, katikati ya mchezo, alimuuliza kijana bila kunyanyua macho: "Nikikuhakikishia leo kwamba sitaokoka kamwe, Alhamisi utakuja?"

Kijana alinyamaza. Akaja kwangu usiku ule amevurugika. Hakuwa anataka kumdanganya mzee kwa kumwambia hajali, maana anajali, anamwombea kila siku kimyakimya. Wala hakutaka kusema haji. "Nimjibu nini, dada?" Nilimwambia sijui, na nilikuwa sijui kweli. Tukakaa kidogo ofisini, taa moja inawaka, nikampa mbegu za maneno mawili matatu ambazo hata mimi niliziona hazina uzito, akaaga.

Alhamisi saa kumi alikwenda. Alifungwa michezo mitatu kwa mmoja, na mzee akamwambia wiki ijayo awahi, kwa sababu siku hizi ikifika saa kumi na moja usingizi humshika.